HESABU YA KIHAMBA

Ardhi haizai ardhi. Jambo hili walijua sana wenyeji wa Machame, Kibosho, Marangu na sehemu nyingine za miteremko ya Kilimanjaro, ambako kihamba cha migomba na kahawa kimegawanywa kizazi hata kizazi mpaka vipande vimekuwa vidogo. Penye udogo huo hatua moja ya mpaka ni jambo kubwa, na ndugu wa tumbo moja hushitakiana.

Kwa hiyo twasema kwamba somo la eneo la pembetatu na msambamba si mchezo wa ubaoni. Vihamba vingi si mistatili. Hufuata mto, mfereji na masale yaliyopandwa na wazee. Tuchukue mfano wa kiwanja cha msambamba chenye kitako cha mita 60, ubavu wa mita 50 na kimo cha mita 40. Mtoto aliyekariri tu atazidisha kitako kwa ubavu, apate mita za mraba 3,000. Eneo la haki ni 2,400. Mita 600 za hewa! Nani atazilipia?

Twawaomba waalimu wasianze na kanuni. Mtoto na akate msambamba wa karatasi, atoe pembetatu upande mmoja na kuihamishia upande wa pili. Ataona mstatili kwa macho yake. Tena akate msambamba mwingine kwa ulalo, apate pembetatu mbili zilizo sawa. Hapo hataisahau ile nusu.

Kisha watoke nje na kamba. Shamba la pembe nne zisizolingana hugawanyika kwa ulalo kuwa pembetatu mbili. Ulalo ndio kitako cha zote mbili. Na mlimani kamba ishikwe sawasawa, isilale na mteremko, kwani ramani za upimaji huandika urefu wa usawa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Basi wasichana na wavulana wote wajue kupima, maana haki isiyopimika hupunjwa kwa urahisi.

Kwa Wachagga, sale ni alama ya mpaka, na pia hupelekwa kuombea msamaha. Ni heri watoto wetu waitumie zaidi kwa kazi ile ya kwanza.