Jenetiki ianzie kwenye mgomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna vijana wetu wa vyuo vikuu wanavyofundishwa jenetiki, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyorithi sifa za wazazi wao.

Somo hili huanzia kwenye njegere za Mendel, mtawa wa Ulaya aliyechapisha matokeo yake mwaka 1866. Sipingi njegere, kwani kanuni zake ndizo msingi. Ninalouliza ni hili: msomi atakayetumwa Bukoba au Muleba atamsaidiaje mkulima kama mgomba hakuusoma?

Mgomba wetu wa ndizi za kupika hauendi kama njegere. Una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, ndiyo sababu ndizi zake hazina mbegu za kupanda. Tunapanda machipukizi, na chipukizi ni mama yule yule: sifa zile zile, udhaifu ule ule. Mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006, hakuna aina ya migomba yetu ya asili iliyokuwa na kinga. Vibanja vilivyolisha familia kwa vizazi vikang'olewa.

Kijijini kwetu alifika afisa kijana mwenye shahada, akaagiza migomba iliyougua ing'olewe. Agizo lilikuwa sahihi. Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, mgomba huu mmoja umebaki mzima. Kwa nini tusipande watoto wake, kama tunavyochagua gunzi bora la mahindi?" Swali hilo ni la jenetiki tupu. Kijana alijibu kwa maneno ya Kiingereza, mzee hakuelewa. Alipanda machipukizi yale pale pale, yakanyauka yote. Hakuna aliyemweleza kwamba mgomba ule ulinusurika kwa bahati tu, na bahati hairithiwi.

Nchi jirani ya Uganda, watafiti walichukua migomba michache inayoweza kutoa mbegu, wakaichanganya na migomba ya mwituni kwa miaka mingi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha chotara nne ziitwazo TARIBAN, zinazostahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Mnyauko bado unawasubiri wataalamu. Je, kuna somo gani la jenetiki lililo bora kuliko hilo?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa jenetiki wapelekwe kwa zamu katika kituo cha utafiti cha Maruku, Bukoba, na katika vibanja vya wakulima. Pili, katika mtihani wao liwepo swali la kumweleza mkulima kwa Kiswahili. Asiyeweza kueleza hivyo hajaelewa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Wahusika walitazame jambo hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.