Barua Iliyokunjwa Mara Nne

"Dada, wamemchoma mtoto."

Mdogo wangu alinipigia simu saa mbili usiku, ile wiki ya Aprili 2024 ambayo wahudumu wa afya walikuwa wakipita shuleni Tanzania nzima kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Binti yake, mwenye miaka 11, alikuwa jikoni anachambua mchele kwa mkono mmoja kwa sababu bega la kushoto lilikuwa linamuuma. Barua ya kumjulisha mzazi ilikuwepo. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kupachikwa ndani ya daftari la hisabati, ina mhuri wa shule na tarehe ya siku hiyohiyo. Mama mtu aliisoma sindano ikiwa imeshaingia.

Akaniuliza: "Hii si ndiyo ile wanayosema inafunga kizazi?"

Swali hilo nimelisikia sokoni, kwenye daladala, hata kwa walimu. Wataalamu wengi wakilisikia huliita uvumi na kupita. Mimi naona linastahili jibu la heshima, kwa sababu anayeuliza alimbeba mtoto huyo miezi tisa na siku ya kuchanjwa hakuulizwa neno. Na jibu lipo.

Saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufariki. Karibu kila mara chanzo chake ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana, ambacho miili ya walio wengi hukiondoa yenyewe kimyakimya. Kwa wachache hubaki miaka kumi, ishirini, hadi siku mama anapoona damu isiyo ya mwezini. Anaificha. Anajifunga kanga mbili na kuendelea na genge lake. Wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na hata anayewahi mara nyingi huponea kwenye upasuaji unaoondoa kizazi au mionzi inayoharibu ovari. Uzazi alioogopea mdogo wangu unapotea hapo, wodini, na niliona hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyopaswa kuambiwa.

Sindano yenyewe haina kirusi. Imebeba protini inayofanana na ganda la kirusi, ganda tupu kama la konokono aliyekwisha kutoka. Mwili unalitambua na kujiandaa, lakini ndani hamna kitu cha kuambukiza, wala hamna homoni ya kugusa yai au mimba. Chanjo hii inatumika duniani tangu 2006, na baadhi ya waliochomwa wakiwa wasichana sasa ni mama wenye watoto wao. Huko Scotland, watafiti walipofuatilia wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, taarifa yao ya mwaka 2024 haikukuta hata mmoja aliyepata saratani hii.

Madhara yapo, na kuyaficha ni kosa. Bega huuma na kuvimba, homa huja, kichwa huuma. Wengine huzirai, hasa wasichana wa rika hili waliosimama foleni juani bila kifungua kinywa, wakamwona mwenzao wa mbele anafumba macho na kulegea. Ndiyo maana aliyechanjwa hukalishwa dakika 15 kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Mzio mkali wa kuhatarisha maisha hutokea takribani mara mbili katika dozi milioni moja, na adrenalini ya kuutibu inatakiwa iwe karibu. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye barua ile. Iliandikwa tu kwamba chanjo ni salama. Kwa hiyo mtoto alipochemka usiku ule, mama yake hakuwa na namna ya kujua kama ni homa ya kawaida ya siku moja au mwanzo wa balaa. Neno "salama" peke yake lilimwongezea hofu, maana kile alichokuwa anakigusa kwa kiganja chake kilikuwa kinapingana nalo.

Wapo pia wanaosema watoto wetu wanafanyiwa majaribio. Majaribio yalifanyika kweli, Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ambazo zilikuwa zimeshaidhinishwa. Wazazi waliombwa ridhaa, na wasichana wenyewe pia. Kenya nayo ilifanya utafiti wake kwa wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Tafiti hizo zilionyesha kwamba dozi moja inajenga kinga imara, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Mabinti wa Mwanza waliotoa damu yao ipimwe wamewapunguzia sindano wasichana wa nchi nyingi, na ningependa jambo hilo litajwe kwa fahari kwenye mikutano ya wazazi badala ya kuachwa lizunguke kama siri.

Ila liangalieni vizuri. Kwenye utafiti mzazi aliulizwa kwanza. Kwenye shule ya mpwa wangu, mzazi alijulishwa baadaye.

India walilipia kosa la namna hii. Mwaka 2009 mradi wa chanjo hii uliwafikia maelfu ya wasichana katika Andhra Pradesh na Gujarat. Saba walifariki katika kipindi cha mradi. Uchunguzi haukuona uhusiano na chanjo: mmoja aliumwa na nyoka, mwingine alizama majini, baadhi ya wengine walikuwa na malaria au walikunywa sumu ya shambani. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta fomu nyingi za ridhaa zimetiwa saini na walezi wa mabweni na walimu wakuu kwa niaba ya wazazi. Aprili 2010 mradi ukasimamishwa. Mzazi ambaye hakuulizwa kabla ya sindano utamwambiaje baada ya msiba kwamba ni nyoka?

Japani ilielekea upande mwingine. Juni 2013, baada ya malalamiko ya maumivu na wasichana kushindwa kutembea, serikali iliacha kuihimiza chanjo. Uchanjaji ulishuka kutoka takribani asilimia 70 hadi chini ya 1. Baadaye utafiti wa Nagoya uliohusisha karibu vijana 30,000 ukaona dalili hizo hazikuwa nyingi zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wasiochanjwa. Serikali ilirudi kuihimiza Aprili 2022. Miaka karibu tisa ya wasichana imepita katikati hapo, na kirusi hakikuwasubiri.

Najua hoja ya wanaoendesha kampeni. Siku ni chache, wasichana ni mamilioni, na barua ikitangulia wiki nzima uvumi nao unapata wiki nzima ya kufanya kazi. Nimeitafakari na siikubali. Uvumi ulikuwepo kabla ya barua. Wiki hiyo ingempa nesi wa zahanati nafasi ya kusimama mbele ya wazazi, ajibu kwa nini mtoto wa miaka 9, maana hapo ndipo mama wengi wanaposikia binti yao anashukiwa tabia. Angewaambia kwamba chanjo hukinga tu na haitibu, hivyo lazima itangulie, na kwamba mwili wa umri huo huijibu vizuri zaidi. Wapo wangekataa. Naamini wangekuwa wachache kuliko wanaokataa leo kwa hasira ya kufichwa.

Usiku ule nilizungumza na mdogo wangu karibu saa nzima. Homa ilishuka kabla ya alfajiri, na akaitia kadi ya chanjo kwenye mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa. Kabla hatujakata simu nilimuuliza yeye amepima lini mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupaka siki kinachochukua dakika chache. Ana miaka 38. Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, na wewe?"

Jumamosi tulikwenda wote wawili.