Udongo wa Likasi haukuwa bila wenyewe

Tunasikia mara nyingi, kwa ofisi na hata kwa kilio: wakulima wa migini ya Likasi hawana haki ya udongo, juu walihama-hama na hawana karatasi. Sisi tunakataa. Tuulize kwanza: nani aliwahamisha?

Mbele ya Wazungu, Basanga walilima mtama, na wakati wa kiangazi, kisha mavuno, waliyeyusha shaba. Msiri alipotawala kule Bunkeya walimlipa kodi. Mwaka 1891 wakamwasi, na tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri akauawa na watu wa msafara wa Stairs. Katika vita ile wengi walikimbia. Wengine walirudi, wakapokea wageni, wakaoana nao. Jamaa ya wakulima ilitengenezwa vile: si kwa damu moja tu, lakini kwa jembe, na kwa sultani aliyegawa mashamba.

Halafu leta ikakuja. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema udongo usio na watu ni wa leta, na wakati ule leta yenyewe haikufika bado Katanga! Shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu, wao waliliita pori tupu. Mwaka 1906 Union Minière ikazaliwa. Migodi ikachukua vilima, migini ikasukumwa kando ya barabara, maji ya Mwadingusha yakafunika bonde la Lufira. Leo mjukuu wa yule aliyesukumwa anaambiwa: mulihama!

Uhuru haukutengeneza mambo. Sheria Bakajika ya 1966 na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ziliweka udongo wote katika mikono ya leta. Kifungu cha 389 cha ile ya 1973 kiliahidi amri ya Rais juu ya haki za watu wa migini. Miaka 40 ikapita, amri haikutoka. Basi, mkulima bila karatasi ni mkulima aliyenyimwa karatasi.

Tuseme pia jambo linalouma. Mwaka 1992 na 1993 neno "wenyeji" liligeuzwa fimbo: ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, wengi wakalala kwenye gare wakingoja treni. Ile haikuwa haki ya udongo. Ilikuwa aibu.

Tunachodai ni hiki: mipaka ya mashamba iandikwe pamoja na sultani, wazee na wamama wanaolima, mbele ya kampani kupewa kibali, si nyuma.