Kosa Lisilofichwa



Juma lililopita mama mmoja alinijia na daftari la hesabu la mwanawe. Kurasa zimejaa alama nyekundu, na mbili zimechanwa ili makosa yasionekane. “Sheikh, nimemcharaza, wala hakomi kuficha. Nifanyeje?” Nikamsimulia kisa hiki.

Huko Tokyo, Japani, mwanakemia Hideki Shirakawa alikuwa akitafiti poliasetilini, kitu cha jamii ya plastiki. Siku moja, kwa kosa la kipimo, kichocheo kilitiwa mara 1,000 kupita kiasi. Badala ya unga mweusi, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Wangeweza kuutupa na kunyamaza. Shirakawa aliuhifadhi, akauliza: kwa nini?

Mwaka 1975 Alan MacDiarmid wa Marekani alifika Tokyo, akapata habari za utando huo, akamwalika. Wakiwa na Alan Heeger katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakautia iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukaongezeka mara milioni 10. Plastiki, tunayovishia nyaya ili umeme usitudhuru, kumbe yaweza kuupitisha! Walitangaza mwaka 1977, na mwaka 2000 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kisa hakikukomea hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Akira Yoshino, naye wa Japani, alianza kutengeneza betri ya kuchajiwa kwa poliasetilini hiyo hiyo. Ilifanya kazi, ila ilichukua nafasi kubwa mno; akaiacha, akatumia kaboni. Njia hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye betri ya lithiamu iliyomo katika simu yako, na mwaka 2019 yeye na wenzake wawili wakatunukiwa Nobel.

Simsifu mzembe. Kosa peke yake halikuvumbua kitu. Faida ilitoka kwa aliyelitazama na kulitafutia sababu. Lakini nani atalitazama kosa lililofichwa? Mtoto anayeogopa bakora hujifunza ufundi mmoja tu, nao ni kuficha. Na leo anaficha hesabu, kesho atakuficha mambo mazito zaidi.

Nikamwambia: “Keti naye jioni, mfungue daftari pamoja, umuulize, ‘Hapa ulifikiri nini?’ Kisha umsikilize.”

Juzi akaniletea habari. Zile karatasi mbili hazikuwa zimetupwa. Mtoto mwenyewe amezitoa chini ya godoro.