Mfumo Mpya, Maradhi Yale Yale

Juma lililopita tulikesha mbele ya kompyuta ya nyumbani, ile ambayo watoto huifanyia kazi za shule na mama yao huiwekea hesabu za duka. Inatumia Linux yenye mazingira ya Xfce. Ule mstari wenye saa na orodha ya programu ulikuwa umetoweka. Tukasakinisha mfumo upya, mstari haukurudi. Tukarudia, hali ikawa ile ile. Mara ya tatu tulikwishanuia kuifuta diski nzima, na humo ndimo zilimo picha za marehemu baba yetu.

Alhamdulillahi, tulisita. Tulikuwa tukimsaka nyoka barazani, naye yumo mvunguni.

Katika Linux, mapendeleo ya kila mtumiaji hayahifadhiwi pamoja na mfumo, bali ndani ya folda yake iliyo chini ya /home. Sisi tuliitenga /home katika sehemu yake ya diski, wala hatukuifuta tulipousakinisha mfumo. Tulipoingia kwa jina lile lile, mfumo mpya ulisoma mipangilio ile ile mibovu. Mafaili hayo hayaonekani kwa kawaida, kwa kuwa majina yake huanza na nukta. Katika kidirisha cha mafaili, bonyeza Ctrl+H yajitokeze.

Kipimo chake ni chepesi: fungua akaunti ya mtumiaji mwingine, uingie. Kwetu mstari ulionekana papo hapo. Basi mfumo ulikuwa mzima. Ugonjwa ulikuwa katika folda yetu.

Tulinakili kwanza picha na hesabu kwenye diski ya nje. Kisha tukatoka katika akaunti, tukabonyeza Ctrl+Alt+F3, tukaingia kwa jina na nywila, tukaandika:

mv .config/xfce4 .config/xfce4-zamani

Tuliporudi kwenye skrini ya kawaida na kuingia tena, Xfce ilijitengenezea mipangilio mipya. Kama mstari ungegoma, tungelibadili vilevile jina la .cache/sessions, kwani huko huhifadhiwa kumbukumbu za programu zilizokuwa wazi.

Angalieni: tulibadili jina, hatukufuta. Kilichobadilishwa jina hurejeshwa; kilichofutwa huenda kisipatikane tena. Tulichopoteza ni mapambo ya skrini, nayo watoto waliyapanga upya kabla ya chakula cha mchana. Picha za baba zingalipo.