Acheni Kununua Antena, Sogezeni Risiva!

Kuna ugonjwa umewaingia watu wa mitambo ya sauti hapa kwetu. Maiki isiyo na waya ikianza kukatakata, dawa ni moja tu: nunua! Leo antena kubwa, kesho busta, keshokutwa seti nzima mpya. Nasema dawa hiyo haitibu.

Hebu tazama risiva iko wapi. Iko nyuma kabisa ya hema, chini ya meza ya mixa, antena zimebanwa ndani ya kabati la chuma, na kati yake na msemaji wameketi watu 300. Mwili wa binadamu umejaa maji, nayo hufyonza mawimbi ya UHF. Maiki ina kosa gani hapo?

Tupige hesabu. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kutoka mita 40 hadi 10, nguvu ya mawimbi yanayofika huongezeka mara 16. Antena nzuri ya kuelekeza hukupa kama mara 3 ya ile fimbo ya kawaida. Na kusogea ni bure.

Busta nayo hukuza kila kitu, kelele pia, pamoja na vituo vya TV vilivyo kati ya 470 na 694 MHz. Kazi yake halali ni kufidia kinachopotea kwenye kebo. Kebo nyembamba ya RG-58, kwa mita 10 tu, hula zaidi ya nusu ya nguvu kwenye 600 MHz.

Basi weka risiva kando ya jukwaa, juu kuliko vichwa vya watu, antena mbili zikitanuka kama herufi V. Kisha vuta waya wa sauti hadi kwa mixa. Hata mita 50 hazitaudhuru.

Antena za kuelekeza zina mahali pake: uwanja mkubwa, ambapo huwezi kusogea karibu. Hema la harusi si Kasarani.

Sisi waandishi wa programu tumezoea raha: pakiti ikipotea kwenye intaneti, inatumwa tena. Sauti ya papo hapo haina muda wa kungoja. Mjane anayesoma tanzia ya mumewe hawezi kuambiwa, "Rudia mama, ilikatika."

Mwenye kunipinga na aje na vipimo, si risiti ya duka.