Asiye na Hatia Ana Sababu ya Kuogopa

Anayetaka kamera za kutambua nyuso zifungwe kuanzia Kilifi hadi Malindi anasema asiye na hatia haogopi. Kwao, labda. Huku Pwani, ripoti ya 2016 ya shirika la haki za binadamu la Haki Africa iliorodhesha visa 81 vya watu kuuawa au kupotezwa na vyombo vya usalama. Mombasa ilikuwa tayari na kamera za polisi zilizofungwa na Safaricom. Je, zimewarudisha wangapi kwa mama zao? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, naam, ila usalama wa taifa umeachiwa mlango wa nyuma. Nywila ikiibwa utaibadilisha. Mvuvi wa Mayungu atabadilisha uso? Anayezitaka kamera hizo atuambie kwanza picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na nani atazifuta.